Nahodha wa Kizimkazi na lawama isiyo yake peke yake

Picha za boti zilizowazingira pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, zinaposambaa, hukumu hutoka upesi: manahodha wana tamaa, na biashara hiyo ya kuwapeleka watalii kuogelea na pomboo ifungwe. Wanaosema hivyo wana hoja nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu pomboo wa kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba pasipo boti za watalii wanyama hao hutumia takriban asilimia 38 ya muda wao kupumzika, lakini boti zinapokuwapo sehemu hiyo hushuka hadi asilimia 10, huku muda wa kusafiri ukipanda kutoka asilimia 33 hadi 77.

Takwimu hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko inavyotazamwa. Karibu robo tatu ya mapumziko hupotea, na pomboo anayepumzika si mnyama aliyekaa bure: kundi huenda polepole, wakiibuka na kuzama pamoja, na huo ndio wasaa ambao mwenye mtoto hunyonyesha bila kusumbuliwa. Tena hawa si wapita njia. Ni wakazi wa Ghuba ya Menai, na makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayakufikisha pomboo 200, kwa hiyo pomboo aliyekimbizwa leo ndiye yule yule atakayekimbizwa kesho. Kulitetea hilo siwezi, na sioni nahodha mwenye akili timamu anayelitetea akiulizwa ana kwa ana.

Ila takwimu inaeleza jinsi boti zinavyokwenda. Haielezi kwa nini zinakwenda hivyo, na hapo ndipo wakosoaji wengi wanapomwacha nahodha peke yake kizimbani. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo wa Kizimkazi walikuwa wakivuliwa, na nyama yao ikatumika kama chambo cha papa. Utalii ulianza mwaka 1992, na katika miaka michache kijiji kikaona kwamba pomboo aliye hai analipa zaidi kuliko aliye kwenye ndoana. Eneo la Hifadhi ya Ghuba ya Menai, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 470, lilitangazwa mwaka 1997, baada ya wanakijiji kuwa wamekwisha anza kugeuka. Anayetaka biashara ifungwe aeleze kwanza ni nini kingine kitakachomfanya kijana wa Mkunguni au Dimbani, vijiji viwili vya Kizimkazi, awe na sababu ya kumtetea pomboo mbele ya mwenye jarife, maana nyavu hizo bado huwanasa na kuwaua, na mnyama aliyenaswa hana nafasi ya kupumzika baadaye.

Tazama asubuhi ya kawaida ilivyo. Magari ya wageni hufika pwani karibu kwa wakati mmoja, kwa kuwa safari imepangwa hotelini ili mtalii awe amerudi kwa chakula cha mchana. Boti zote zinaondoka pamoja na kulikuta kundi lile lile. Mapezi yakionekana, nahodha wa kwanza huzunguka mbele na kuwakatia njia, kisha wageni waliokwisha vaa miwani na mapezi ya mpira hujitosa kwa kishindo. Pomboo wanazama. Mashine zinawashwa, kila mtu anapanda haraka, na mchezo unarudiwa mita mia chache mbele. Nahodha anayebaki nyuma akipunguza mwendo, kama miongozo ya kuwakaribia pomboo inavyomtaka, ndiye anayeulizwa na abiria wake kwa nini boti ya jirani imekaribia na yao haijakaribia. Bahashishi yake inategemea jibu hilo.

Fedha nyingi za safari hubaki kabla hazijafika baharini. Papasi, yaani dalali wa watalii, aliyemkuta mgeni mjini ana sehemu yake, mwenye gari ana yake, hoteli ina yake, na wote hao wameuza jambo ambalo hawana uwezo wa kulitoa: uhakika wa kuogelea na pomboo. Kutimiza ahadi hiyo anaachiwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo, ambaye pia ndiye anayelipwa kidogo, na uso wake ndio unaotokea kwenye picha.

Haki inataka niseme pia kwamba manahodha wote si wahanga. Wapo wanaofurahia mbio zenyewe, na miongozo ya kukaribia kwa ubavuni, kwa mwendo mdogo, boti chache kwa zamu, haikuletwa jana. Lakini mtu anayeweza kuitekeleza ni yuleyule tunayetaka kumfukuza. Tena anaweza kuwa mshirika wa uhifadhi: kule Watamu, Kenya, ambako hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 1968, taarifa za manahodha na wavuvi wa michezo zimekuwa msaada mkubwa katika kujua nyangumi na pomboo wanapita wapi na lini.

Suala hili linazidi uzito kila kusi inapovuma. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wa nundu hufika pwani yetu kutoka maji ya Antaktika kuja kuzaa, na mama huishi miezi hiyo karibu bila kula, akimnyonyesha ndama kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini. Kila mara anapolazimika kukimbia boti, anatumia akiba ambayo hawezi kuirudisha hadi arudi kusini. Miongozo mingi duniani humtaka nahodha abaki angalau mita 100 kutoka kwa nyangumi, na mbali zaidi akiwa na ndama. Kwa mita hizo mgeni ataona mgongo, mkia na pumzi ikiruka juu ya maji, na hataogelea na chochote. Safari ya namna hiyo inaweza kuuzwa kwa bei nzuri, ikiwa imeuzwa hivyo tangu mwanzo.

Kwa hiyo ninaunga mkono zamu, kikomo cha boti kwa kundi moja, na kusitishwa kwa kuogelea pale kundi linapopumzika au lina watoto. Nisichokiunga mkono ni kuyaandika masharti hayo kwenye leseni ya nahodha pekee. Hoteli na wakala wanaochapisha neno "kuogelea" kwenye bei zao wawe na leseni inayoweza kunyang'anywa vilevile, na nahodha alipwe nauli kamili iliyokubaliwa kabla ya kung'oa nanga, pomboo waonekane au wasionekane.