Ngogwe Zisizo na Mbegu

Boga la kwetu halikuumbwa kwa ajili ya mapambo. Nenda pale Soko la Kilombero uliangalie: kijani, lina mabaka meupe, limelalia ubavu, na ni kubwa kiasi kwamba muuzaji analikata vipande ndipo apate wateja. Sasa mtu akikuagiza keki ndogo ndogo zenye umbo la boga, rangi ya chungwa, zenye mikunjo na kikonyo juu, lazima ujiulize hilo boga amelionea wapi.

Aliyeagiza alikuwa mama mmoja wa Kimarekani anayeishi Njiro. Mimi naoka nyumbani kwangu Sakina, keki za bethdei, za kipaimara, za sendofu, na jina langu lilimfikia kupitia kwa dada anayemfanyia kazi. Alitaka dazeni tatu za sherehe ya watoto, tarehe 31 Oktoba, siku ambayo kwao watoto huvaa vinyago na kugonga milango ya majirani wakidai pipi. Akanieleza kwa hisia kabisa kwamba wakati huo kwao ni majira ya majani kupukutika, baridi inaanza, na kila nyumba inanukia boga na viungo. Nikachungulia dirishani. Oktoba ya Arusha unaijua: jua, vumbi, na jakaranda zimemwaga maua ya zambarau barabara nzima. Nikasema walau kuna kitu kinapukutika. Oda nikaichukua.

Viungo havikunitisha. Ni mdalasini, tangawizi, karafuu na kungumanga. Wao wanavisaga pamoja, wanavitia kwenye kopo na kuviita viungo vya boga, ingawa boga lenyewe halimo humo ndani hata punje. Sisi hivyo vinne ukiviongezea iliki umeshakaribisha wageni chai.

Kazi ilikuwa kwenye boga. Ukilichemsha linanywa maji, na ukilitia hivyo hivyo kwenye unga, keki haiivi katikati hata uikeshee. Kwa hiyo nililiponda, nikalifunga kwenye kitambaa na kulining'iniza kwenye bomba la sinki lichuruzike mpaka asubuhi. Halafu kuna hili la mwinuko, ambalo wanaoweka mapishi mtandaoni hawakufikirii. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huku keki inaumuka kwa pupa kisha inabonyea, kwa hiyo bekingi pauda unapunguza, usifuate kijiko cha mtu anayeishi pwani.

Umbo nalo nikalipatia dawa. Kwa mama mmoja wa vyombo vya mtumba nilipata vikopo vya jeli vya bati, vidogo, vyenye mikunjo pembeni. Unaoka, unakata ile sehemu iliyoumuka juu, unagundisha vipande viwili kitako kwa kitako. Boga hilo hapo. Limebaki rangi.

Na rangi ndiyo iliyonirudisha Kilombero, maana picha za kwenye simu kila moja ina chungwa lake. Nilitaka kitu cha kushika mkononi, nikiweke mezani, nikifuatishe. Ndipo nikaziona, pembeni ya meza ya mama mboga: ngogwe, zile nyanya chungu, zilizoiva. Tunazokula ni zile changa, nyeupe au za kijani. Ila ukiiacha ngogwe mtini ikaiva, inageuka rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, mikunjo inakolea, kikonyo kinabaki kijani. Na uchungu unazidi, kwa hiyo hakuna anayeziulizia. Nikasimama pale nikacheka peke yangu. Kumbe boga dogo la mama wa Njiro lipo siku zote, na tena lina haki zaidi ya kuwa hapa, maana boga asili yake ni bara la Amerika lakini ngogwe ni mzaliwa wa Afrika.

"Dada, hizo nimemwekea mtu wa mbegu," mama mboga akaniambia.

"Nazitaka tu za kuangalia."

Akanitazama, akanifungia, na akaniongezea moja ya bure. Nadhani kwa huruma.

Nisifiche, zile keki zilitoka. Aisingi niliitengeneza kwa ute wa yai na sukari ya unga, ile inayokauka ikawa ngumu. Nikatia njano kwanza, halafu nyekundu kwa ncha ya kijiti cha meno, tone moja, koroga, linganisha na ngogwe, tone jingine. Keki nikaichovya nzima, nikaiacha ichuruzike kwenye waya. Ikikauka inakuwa na ngozi inayong'aa, na mikunjo yote inaonekana. Vikonyo nikavifinyanga kwa fondanti ya kijani na kuvichora mistari kwa sindano. Nilipomaliza nikaweka bakuli la ngogwe kando ya trei la keki juu ya friza. Mwanangu alikuja akasimama, akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akauliza kwa adabu, "Mama, za kula ni zipi?"

Hilo swali lingenisaidia sana kama ningeliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani.

Siku hiyo hiyo wakwe zangu waliingia kutoka Marangu. Kulikuwa na sendofu ya binti wa wifi yangu mwisho wa wiki. Baba mkwe ni bwana shamba mstaafu, mtu wa maneno machache mpaka yaguswe mambo ya mazao. Mama mkwe hana ustaafu. Alishuka na mkungu wa ndizi mshare, maziwa ya mgando kwenye galoni, na mbavu za ng'ombe ambazo alisema za Arusha hazina ladha. Nikawaamkia, nikawaandalia chai, nikaaga kwamba nafika mjini mara moja kununua maboksi ya keki.

Mara moja ya vifodi vya jioni, hizi daladala zetu ndogo, mnaijua wenyewe. Nikiwa bado njiani, umeme ukakatika mtaa mzima. Nilishuka kituoni gizani, nikakata kona ya kwetu, na kabla sijafika getini harufu ikanipokea. Nyama. Ndizi. Na nyuma yake, kwa mbali, karafuu.

Nikaongeza mwendo.

Jikoni mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi, khanga kiunoni, taa ndogo ya sola imening'inia kwenye mpini wa kabati. Taa ile inamulika sufuria tu, kwingine kote ni kukisia. Alikuwa anakoroga machalari, tena kwa nguvu, maana mchuzi ulikuwa mzito ajabu.

"Karibu mwanangu. Pole na safari. Nimeona ngogwe zako zinaharibika pale juu, zimeiva zote. Nikasema tusile hasara."

Nikageukia friza. Bakuli la ngogwe lilikuwepo, limejaa. Trei lilikuwa na pengo la dazeni nzima.

"Mama," nikasema taratibu, "umechukua zipi?"

"Za kwenye bakuli nimezibonyeza, bado ngumu. Nikachukua zile laini."

Sasa hapo unamjibu nini mtu? Kwa kanuni zote za jikoni, alikuwa sahihi.

"Na vikonyo, mama?"

"Ruwa wangu, vile vikonyo vilikuwa vinabanduka vyenyewe! Zingekaa mpaka kesho zingeoza. Nimempa mtoto achezee."

Mtoto akatokea mlangoni. Midomo kijani, meno kijani, na uso wa mtu asiyetaka kuulizwa.

Nilichungulia sufuriani. Keki nyingi zilikuwa zimeshayeyuka na kuwa mchuzi. Chache zilikuwa bado zinaelea, zimevimba, nusu zina ngozi, nusu hazina, na machalari yote yalikuwa na rangi ya chungwa ambayo mimi mwenyewe niliitafuta kwa tone. Nikafungua mdomo niseme. Ndipo sauti ya baba mkwe ikatoka sebuleni, kwa unyenyekevu wa mtu mwenye njaa: "Mama, kile chakula bado?"

Wenye wakwe mtanielewa. Unaweza kumwambia mama mkwe kwamba chumvi imezidi, ukijipanga vizuri. Kumwambia, akiwa ameshika mwiko, na mumewe anasubiri mezani, kwamba amempikia keki na mbavu za ng'ombe alizozibeba mwenyewe kutoka Marangu, hilo linahitaji mtu mwenye pa kwenda. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu.

Tukapakua.

Mume wangu alirudi tukiwa ndio tunakaa. Akanawa, akachota kijiko, akatafuna. Akasimama kutafuna. Yeye ndiye huonja kila keki ninayooka, kwa hiyo ulimi wake ulishajua kabla kichwa hakijakubali. Akanitazama. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akameza.

Baba mkwe alikuwa anakula kimya, kichwa kimeinama, na mimi nilikuwa nasubiri hukumu. Akachukua kipande kimoja kilichobaki kizima, akakisogeza pembeni ya sahani karibu na taa, akakipasua kwa kijiko. Akainama zaidi. Akakigeuza.

"Haina mbegu," akasema.

Hakuna aliyejibu.

"Ngogwe hii haina mbegu hata moja. Na haina uchungu." Akaonja tena, amefumba macho. "Ina utamu. Na inanywa mchuzi wote. Mkwe, umeipata wapi?"

"Nilinunua Kilombero, baba," nikasema. Na kama kuna wa kunishtaki aseme uongo uko wapi, maana ngogwe nilinunua Kilombero kweli.

"Itakuwa ya Tengeru hii." Alikuwa ameshaweka kijiko chini, na hapo nikajua hatulali mapema. "Wale watafiti wa Tengeru si watu wa mchezo. Nyanya ya Tengeru 97 si imetoka kwao? Ngogwe ya Tengeru White je? Sasa wametoa hii na hawajatangaza. Enzi zetu mbegu mpya ikitoka, bwana shamba alikuwa anajua kabla ya mkulima. Siku hizi naiona kwenye sahani." Akamgeukia mwanawe. "Wewe ulikuwa unaijua?"

Hapa mume wangu alikuwa na nafasi nzuri ya kuokoa familia. Angesema hajui. Angekohoa.

"Ndiyo baba," akasema. "Ni ya Tengeru."

Nikamkanyaga mguu mwingine.

Mzee alirudia sahani. Mama mkwe alirudia pia, akasema kilichompendeza ni kwamba hakuhitaji kuweka kiungo, ngogwe yenyewe ina harufu. Mimi nami nilikula, na nitoe ushuhuda: kungumanga na mbavu vinaelewana. Sukari ndiyo haikualikwa. Ukimeza tonge unaanza na nyama, katikati unapita kwenye ndizi, halafu mwisho unatokea kwenye bethdei ya mtu.

Walipolala, ndipo nikaanza upya. Umeme haukurudi. Oveni yangu ni ya gesi, hiyo haina shida, ila mashine ya kupigia mayai haiwaki kwa gesi. Mume wangu, mtaalamu wa mbegu, nikampa bakuli na mchapo wa waya. Alipiga ute wa mayai kwa mkono wa kulia, akapiga kwa kushoto, akarudi wa kulia, kila akinyanyua macho ananikuta namwangalia. Boga lililobaki lilitosha kwa shida. Rangi niliilinganisha kwa tochi ya simu na nikamshukuru Mungu kwamba bakuli la ngogwe lilikuwepo. Ngumu zilivyo.

Hofu yangu kubwa ikawa ile ya kufunga maboksi alfajiri nikiwa na usingizi, nikaingiza ngogwe halisi, mtoto wa watu akaing'ata. Kwa hiyo kila keki kabla haijaingia boksini niliibonyeza kwa kidole. Moja moja. Mama wa Njiro alipofungua, akashika mdomo kwa furaha, akaniuliza nimefanyaje vile vishimo vidogo ubavuni, kwa sababu maboga ya shambani kwao yana vishimo hivyo hivyo. Nikamwambia ni ufundi wa mkono. Akalipa na akaongeza nauli.

Sendofu ikapita salama, wazee wakarudi Marangu, nikadhani habari imeisha. Juzi simu ikaingia ujumbe wa pesa. Kabla sijaelewa ni za nini, baba mkwe akapiga.

"Mkwe, hujambo? Hiyo niliyotuma ni ya wanakikundi. Tumechanga. Nimewaeleza juu ya ile ngogwe, wamekubali kila mtu atenge tuta moja la majaribio. Pita pale Tengeru utuchukulie mbegu."

"Baba," nikasema, "ile haina mbegu."

Akanyamaza. Nikasikia kabisa anavyofikiri.

"Kumbe wanauza miche," akasema. "Basi chukua miche."

Nikamkabidhi mume wangu simu. Akaipokea kwa vidole viwili, akaiweka sikioni, akaanza, "Shikamoo baba, unajua ile mbegu…" na kabla hajafika popote, nikamsikia mama mkwe kwa nyuma akidai naye aongee. Ana sauti, hahitaji spika.

"Mwambie mkeo awe makini pale wasimchanganyie! Kulikuwa na nyingine kwenye bakuli, ngumu, niliionja asubuhi yake. Chungu! Hiyo wasituletee."