Mfagia choo wa samaki

Ziwa Tanganyika, kina mita 1,470, liko pale chini Kibirizi. Mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nimejaza lita 120 kwenye tangi la kioo sebuleni kwangu Mwanga, hapa Kigoma, nikatia samaki sita. Mama Neema alipoliona aliuliza swali moja tu: "Wanaliwa lini?" Nikamjibu hawaliwi hawa, wanatazamwa. Akarudi jikoni kwenye migebuka yake ya mawese, kimya. Kimya kile nakijua.

Hakuna aliyeniambia kwamba samaki hana choo cha nje. Anakula humo, anajisaidia humo, anapumua humo humo. Nami kwa huruma yangu, kila nikipita nawatupia chakula; mmoja akinikazia jicho kama mwenye deni lake, nawaongeza. Siku ya tano maji yakawa kama ya kunawia mikono msibani. Nikamwaga yote, nikasugua kokoto kwa sabuni, sifongo ya chujio nikaikamua bombani hadi ikatakata. Kulipokucha, wawili wanaelea ubavu.

Jirani yangu, aliyewahi kuzamia samaki wa mapambo wanaosafirishwa Ulaya, alishika kiuno akacheka. "Umefukuza wafanyakazi wote!"

Kumbe ule utelezi wa kwenye sifongo na kokoto una bakteria. Mavi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Maji yakiwa na asili ya magadi kama ya ziwa letu, ukali wake huzidi. Kundi moja la bakteria huigeuza nitriti, bado sumu. Kundi jingine huigeuza nitrati, hiyo afadhali, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Na makundi yote mawili huchukua kama wiki nne hadi sita kukamilika. Mimi nimewaogesha kwa sabuni ya kufulia!

Basi siku hizi nalinda uchafu. Sifongo naisuuza kwenye maji ya tangi lenyewe, tena kwa adabu, kama namwosha mtoto mchanga. Chakula kidogo, jicho la mdai nalipa kisogo. Kila Jumamosi natoa robo ya maji, lita 30, narudishia yaliyolala wazi usiku kucha ili klorini, ile dawa ya maji ya bomba, itoke. Yalale wapi? Ndoo wazi, nyumba ina watoto watatu! Naamka alfajiri, Neema keshaoga, ananukia, anaenda shule.

Juzi umeme ukakatika saa nane usiku. Pampu kimya, samaki wote wako juu wanahema. Nikashika kikombe gizani, nachota namimina kutoka juu ili hewa iingie. Chota, mimina. Chota, mimina. Mama Neema anakoroma kwa raha zake.

Sauti ya jirani ikaja dirishani: "Baba Neema, unaoga saa hizi?"

"Ndiyo, jirani. Naoga."

"Sebuleni?"