Karai la Elfu Sitini

Jana jioni nimekwama kwa jam pale Pangani, jamaa akanipigia simu, ati ameskia nauza kayaki ya kucheza, bei ya mwisho ni ngapi. Nikamuuliza, wewe una kilo ngapi? Kimya. Halafu akaniambia na ile sauti ya mtu ametusiwa, "Madam, kwani nanunua boti ama nachukua bima?" Nilicheka lakini bei sikumpa, juu hilo swali ndilo mimi sikuulizwa na mtu mwaka juzi, na limenigharimu 60,000 na goti la kushoto.

Mnajua vile huwa. Roli yako, ile ya kujigeuza ukae wima tena ukipinduka bila kutoka kwa boti, imeanza kukubali mara nane kwa kumi, umeshashuka mto Tana pale Sagana mara kadhaa bila kuangaliwa kama mtoto, unaingia edi, yale maji ya kando yanayorudi juu nyuma ya jiwe, bila kupiga nduru, basi kuna kakitu kanakuingia kichwani. Unaanza kulala na video. Unaona watu wako Jinja, Uganda, kwa mawimbi ya Nile wanarusha boti nzima hewani wanaigeuza kama chapati, na ile boti yako ndefu ya kujifunzia unaanza kuionea aibu. Hapo ndipo unauziwa.

Mimi niliuziwa na mtu wa kwetu, mtu tunakula naye nyama choma baada ya mto, na jina lake leo nitalimeza. "Auntie, ndogo ndiyo inafunza. Kubwa inakudekeza." Maneno matamu kweli. Nikaikalia kwa sitting room yangu, miguu mitupu, dakika mbili, nikaona imenishika fiti. Ile stika ya ndani inayoandikwa kilo za mtu boti inaweza kubeba ilikuwa imekwanguliwa, na mimi mwerevu wa Umoja sikuuliza ni kwa nini.

Sasa skizeni, hapa ndipo nitakaa kidogo. Mimi ni kilo 79, na hiyo ni kabla ya lanchi. Vaa laifujaketi, helmeti, viatu, funga kamba ya kuokolea, sketi ya boti, ile unavaa kiunoni kufunika tundu unapokaa maji yasiingie, ikishalowa nayo ina uzito wake, tayari uko karibu 87. Hiyo 87 ndiyo boti inabeba, haibebi ile ya mizani ya chemist. Na boti ya kucheza ni kitu cha mita 1.8 hivi, lita zake zote, yaani hewa inayoielesha, zimejazwa hapo katikati unapokaa, mbele na nyuma imebanwa ikawa bapa makusudi ili uweze kuizamisha ukitaka mchezo. Makusudi! Yaani kuzama ncha ndiyo kazi yake. Ukiwa na uzito unaofaa inazama ukiiambia. Ukiwa mzito kuliko ilivyopimwa inazama bila kuambiwa, na inachagua saa mbaya, pale unapovuka mstari wa edi, maji ya huku yanashuka na ya kule yanapanda, nawe mkia wako uko chini tayari umepigiwa saluti.

Siku ya kwanza kuipeleka Sagana haikufika nusu saa. Vidole vya miguu vimekunjwa kama vya mtu amevaa kiatu cha mdogo wake, mguu wa kulia umekufa ganzi, natoka edi, mkia ukashikwa, pua ya boti ikaangalia mawingu, nikaenda. Roli ya kwanza hakuna. Ya pili nikapata hewa robo nikarudi. Ya tatu goti likakutana na jiwe na hapo nikavuta sketi nikaogelea kama mbuzi. Boti ikaenda zake peke yake. Nilipoipata huko chini ilikuwa imevutwa kando na vijana wa kuchota mchanga, mmoja ameikalia anakula mahindi, akaniuliza kwa heshima zote, "Mathe, hii karai ni yako?"

Ndio hivyo ikapata jina.

Na mtu asiniambie ati shida ni mimi sikufanya mazoezi. Mazoezi ya lini? Kutoka Nairobi mpaka Sagana ni kama kilomita 100, unaamka saa kumi na moja, boti juu ya Probox, hapo Thika Road polisi anakusimamisha kuuliza kama umebeba jeneza, mafuta, chai ya Kenol, ukijikaza sana ni wikendi mbili kwa mwezi na hiyo ni kama bosi hajakumbuka namba yako. Watu wa Jinja wanaamka wako kwa mto. Nile ni pana, maji mengi, ya joto, ukipinduka kuna kina, unacheza wimbi moja asubuhi mpaka jioni, ingawa nao bwawa la Bujagali la 2012 na la Isimba la 2019 yamewamezea maporomoko mengi. Tana yetu ni nyembamba, baridi, na mawe kila mahali. Mvua za Machi hadi Mei zikija inakuwa ya kahawia na hasira, Februari inatoa meno nje. Ukijirusha kichwa chini pale maji ni ya magotini, utahesabu hayo meno mwenyewe.

Kwa hivyo mtu wa katikati, si mgeni si bingwa, wa Nairobi, anahitaji boti ya kumshusha mto wote ikimchezesha njiani. Zile za mbele nene nyuma bapa: Ripper ya Pyranha, Rewind ya Dagger, Antix ya Jackson, yoyote utakayoipata bila kuuza shamba. Pua inakutoa kwa shimo, pale maji yanajikunja na kukushika, mkia unakupa utundu. Na uwe katikati ya kilo ilizoandikiwa, usiwe pale ukingoni umeshika pumzi. Ikalie nusu saa nzima ukiwa na viatu vyako vya mto, mwenye boti akinuna anune. Angalia nyufa chini ya kiti. Rangi haina maana. Mpya kutoka nje sitaki hata kuongelea, usafiri, ushuru, halafu VAT 16%.

Sawa, kuna kitu nitakubali, na nakubali nikiwa nimekunja uso. Ile miezi sita nilikaa na karai, roli yangu ilikuwa ya kupigania uhai na ikakomaa, na makalio yangu yalijua kila mkondo kabla ya macho kuuona. Lakini hata kuchapwa na mwalimu wa hesabu kulinifunza, na sijawahi kumlipa mtu elfu sitini anichape.

Asubuhi jamaa wa jana ametuma meseji: "93. Viatu namba 10." Nikamwambia ndugu yangu, hapana. Amenitumia pesa ya soda na emoji ya kucheka, sijui ni dharau ama shukrani.

Karai liko kwa balkoni. Kijana wa jirani, wa gredi ya sita, ndiye linamtosha. Huingia humo jioni na ufagio wangu, anapiga kafi mpaka aitwe kula.