Kuanguka na ganzi: kipimo kipi kitangulie?

Mtu mzima akianguka ghafla, akakakamaa na kutokwa povu, ndugu hugawanyika upesi, iwe Moshi au Arusha. Wapo wanaotaka apelekwe MRI, kipimo cha picha ya ubongo kwa sumaku, hata kwa kuuza ng'ombe. Wengine husema apewe dawa ya kifafa, aendelee na maisha yake. Anayekufa ganzi miguu naye huvutwa huku na huku vivyo hivyo.

Hao wa pili wana hoja. Kifafa hutambuliwa kwanza kwa masimulizi ya aliyeshuhudia: mtikisiko ulianzia wapi, ulichukua muda gani, mgonjwa alizindukaje. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, hunasa muda mfupi tu, hivyo majibu safi hayamwondolei mtu kifafa. Video iliyochukuliwa na ndugu kwa simu mara nyingi humsaidia daktari zaidi, maana kuna kuzimia, na kuna mitikisiko ya msongo wa mawazo inayofanana sana na kifafa. Kwa ganzi hali ni hiyo hiyo. Visababishi ni vingi: kuna kisukari, VVU, pombe, upungufu wa vitamini B12. Kuna pia isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ambayo isipoambatana na vitamini B6 huweza kudhuru neva. Kuuliza "unatumia dawa gani?" ni bure, na inauma kuona swali hilo linakuja wakati kihamba, shamba la familia, kimeshatajiwa bei.

Ila kwa kuanguka, naachana nao hapa. Kanda yetu inafuga nguruwe na kula kitimoto kwa wingi. Mayai ya tegu wa nguruwe hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo, yakaingia kwenye maji, mboga na mikono. Hata asiyegusa nguruwe maishani anaweza kuyameza, na viluwiluwi vyake vikajikita ubongoni. Tafiti za hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ziliukuta ugonjwa huu kwa wenye kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pale ulipoenea, unasababisha takriban asilimia 30 ya kifafa. Fenobabitoni huzuia kuanguka, lakini haigusi viluwiluwi. Na kubahatisha dawa ya minyoo ni hatari: vikifa vyote kwa pamoja, ubongo huweza kuvimba na mgonjwa akazidiwa. Ndiyo maana picha hutangulia dawa hiyo.

Kwa hiyo mtu mzima akianguka mara ya kwanza bila malaria wala sukari kushuka, naunga mkono picha, hasa kama mtikisiko ulianzia upande mmoja. Mara nyingi siti skani, picha ya ubongo kwa eksirei, inatosha kuanzia, nayo gharama yake ni ndogo kuliko MRI. Ganzi iliyoanza taratibu kwenye vidole vya miguu yote miwili ianzie maabara. Picha ya ubongo inaweza kungoja. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja ichukuliwe kuwa kiharusi, na mgonjwa afikishwe hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja kikao cha ukoo.