Nyumba Zilizopeana Mgongo: Birmingham Ilihifadhi Nini Hasa?

Katikati ya jiji la Birmingham, Uingereza, kwenye kona ya Hurst Street na Inge Street, pamebaki kundi moja la nyumba za vibarua na mafundi zilizopeana mgongo, lililoingizwa kwenye orodha ya majengo ya urithi mwaka 1988. Linaitwa Court 15, yaani Ua wa 15. Mwanzoni mwa karne ya 20 jiji hilo lilikuwa na nyumba za aina hii zaidi ya 40,000, na watu wapatao 200,000 wakiishi ndani yake. Zote zilihesabiwa kuwa aibu, na nyua nyingine zote za namna hii zimebomolewa. Je, jengo lililojengwa kwa kubana matumizi hadi likamdhuru mkaaji wake linastahili ulinzi sawa na kanisa la kale?

Jibu linategemea sana namna lilivyojengwa. Court 15 ilisimamishwa kidogo kidogo kati ya 1802 na 1831. Nyumba mbili zinapeana mgongo kwa ukuta mmoja: ya mbele inatazama barabara, ya nyuma inatazama ua. Kila nyumba ina ghorofa tatu, na kila ghorofa ina chumba kimoja, vikiunganishwa na ngazi nyembamba ya kujipinda. Kwa kuwa pande nyingine zimezibwa na majirani, mlango na madirisha yote yako upande mmoja, na hewa ikishaingia haina pa kutokea. Vyoo na chumba cha kufulia vilikuwa uani, vya wote. Kuna wakati nyumba 11 za ua huu zilibeba watu 60 hivi, na baadhi yao walifanyia kazi mumo humo walimolala.

Mjenzi alijua anachofanya. Kipande cha ardhi karibu na karakana kilibeba nyumba maradufu, matofali yakapungua, na kodi ikawa ile ambayo kibarua angeweza kuilipa. Aliyekubali kukaa nyuma, bila kuona barabara, alilipa pungufu zaidi. Bei ya unafuu huo ilikuwa maradhi. Birmingham ilipiga marufuku ujenzi wa nyumba hizo mwaka 1876, na sheria ya 1909 ikalieneza katazo hilo nchini kote.

Wanaopinga uhifadhi wana hoja moja nzito: jumba la makumbusho haliwezi kuhifadhi kile hasa kilichozifanya nyumba hizi kuwa mbaya. Msongamano, harufu ya choo na kikohozi cha jirani nyuma ya ukuta haviwekwi kwenye maonyesho. Kinachobaki ni vitanda vilivyotandikwa vizuri, na mgeni hutoka akisema palipendeza. National Trust, taasisi inayoyasimamia majengo hayo tangu yafunguliwe kwa umma mwaka 2004, hata hukodisha nyumba mbili za upande wa Inge Street kwa wanaotaka kulala humo likizoni. Hapo nawaunga mkono wakosoaji. Dhiki ya kuchagua, tena ya usiku mmoja, si dhiki.

Lakini waliobomoa nao hawakuwa na uhakika kama walivyojidai. Miaka ya 1960 Birmingham ilijenga mtaa wa Castle Vale wenye majengo marefu 34 ili kuwahamishia watu wa nyumba duni kama hizi. Kabla ya nusu karne kwisha, 32 yalikuwa yameshaangushwa. Dawa ilikufa kabla ya ugonjwa! Anayepanga makazi leo anahitaji kuona kosa la kwanza likiwa bado limesimama, apande ngazi ile kwa miguu yake mwenyewe, badala ya kulisoma kwenye ripoti tu.

Ukarabati wenyewe pia ulifanywa kwa akili. Haukuchagua mwaka mmoja na kuugandisha. Unaonyesha familia ya Kiyahudi ya fundi saa ya miaka ya 1840, kisha fundi wa macho ya kioo, kisha mafundi wa makufuli wa miaka ya 1930, na mwisho George Saunders, fundi cherehani kutoka kisiwa cha Saint Kitts, Karibiani, aliyefanya kazi hapo hadi 2001. Kwangu Saunders ndiye hoja kuu kuliko zote. Wakazi waliondolewa miaka ya 1960, ila maduka ya chini yanayotazama barabara yaliendelea kufanya biashara, na hilo lilisaidia jengo lisiguswe. Muda mrefu kabla ya wapenda usanifu kufika, lilikuwa mikononi mwa watu waliohitaji pango nafuu.

Ugumu unaanza ukienda Leeds, jiji jingine la Uingereza. Huko nyumba za kupeana mgongo ziliendelea kujengwa hadi 1937, kwa kuwa ramani zake zilikuwa zimeidhinishwa kabla ya katazo, na takriban 19,500 bado zina watu. Za mwishomwisho zilijengwa na choo chake, nyingine na kibustani mbele. Watu wanazinunua, wanafunzi wanazipanga. Ramani ya nyumba, basi, haikuwa adui peke yake. Ukosefu wa maji na wingi wa watu chumbani ulichangia sana.

Nyumba ikishaorodheshwa, mwenyewe hawezi kubadili kitu kinachogusa sura yake ya urithi bila kibali cha halmashauri. Kwa jumba la makumbusho hilo si tatizo. Kwa familia ya Leeds ambayo kuta zake za tofali zinavujisha joto ni mzigo: kinga ya baridi ikiwekwa ndani inakula chumba ambacho tayari ni kidogo, ikiwekwa nje inafunika matofali yale yale yanayolindwa. Ningeorodhesha safu chache huko, zile ambazo wakazi wameridhia na fedha za umma zipo za kulipia madirisha na kuta. Zilizobaki ningewaachia wenyewe wazibadili wanavyoona inafaa.