Majestic ya Vuga: anadaiwa nani?

Majestic, senema ya zamani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ikitajwa barazani, watu hugawika papo hapo. Wapo wanaotaka jengo lile la Vuga litengenezwe lirudi kuwa senema. Wengine huwajibu kwamba hayo ni mapenzi ya wazee kwa ujana wao, na kwamba pahala pazuri namna ile apewe mwekezaji, paingize pesa.

Hawa wa pili wana hoja, tena nzito. Televisheni ya rangi iliingia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ishirini kabla ya Bara kupata yake. Zikaja kanda za video, ikaja simu. Picha ambayo mtu anaitazama kitandani, kaiegemeza kwenye mto, haihitaji ukumbi. Na ukumbi unakula: paa, umeme, mafundi, mlinzi. Mji Mkongwe, uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, una nyumba ambazo watu wanalala ndani yake huku dari zikimwaga chokaa. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, uliporomoka na watu wakafa. Atakayesema senema itengenezwe kabla ya nyumba hizo, mimi simo.

Wanakumbusha pia kwamba senema haikuwa ya usawa. Viti vilikwenda kwa bei, na wa bei ndogo alikaa mbele, shingo juu, kitambaa cha picha kimemjaa machoni. Ni kweli.

Ila mama yangu mkubwa, akihadithia Majestic, picha yenyewe huwa haitaji. Huanzia nyumbani Kikwajuni, alasiri ya Jumapili: asmini zinatungwa, gauni linapigwa pasi ya makaa, baibui linafukizwa udi. Wanapitiana mlango kwa mlango, mashoga, mawifi, bibi mmoja wa kuwachunga, kisha wanakata Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka Vuga. Njugu katika kikaratasi cha gazeti. Ndani, tochi ya mwonyesha viti inapita miguuni, na picha la Kihindi likianza kuliza, ukumbi mzima unalia. Kisha ndiyo anafika pale anapopapenda: kurudi. Usiku umeingia, wanawake kumi na zaidi katikati ya njia, wanaimba nyimbo za Kihindi ambazo hawajui maana ya hata neno moja, na hapana mtu aliyewauliza wanatoka wapi. Ilijulikana. Wanatoka senema.

Hapo ndipo wenzetu wa hesabu wanapokosea kuwasikia wazee hawa, wakidhani wanalilia filamu. Filamu zipo, za kumwaga. Kilichokwenda ni ruhusa: mwanamke wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe kama Kikwajuni, alikuwa na pahala pa kwenda usiku, panapojulikana, kwa nauli ya miguu yake. Televisheni ilileta picha nyumbani, na mwenye kuitazama akabaki nyumbani. Mtu anaweza kuliita hilo maendeleo, lakini aliyepoteza njia ya Mnazi Mmoja usiku hakuulizwa.

Nalirudia hili kwa sababu ya hesabu mbili. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari watu 1,889,773. Mwaka 2023 waliingia wageni zaidi ya 600,000, na kila mmoja wao alikuwa na kiti cha jioni kinachomngoja: juu ya mapaa, kando ya pwani, penye muziki. Sisi tuna bustani ya Forodhani, na tunashukuru, upepo na urojo. Tuna tamasha la filamu la ZIFF, ambalo limekuwa likitandaza kitambaa Ngome Kongwe kwa siku chache za mwaka. Siku nyingine zote je? Ukumbi ukigeuzwa hoteli ya kumi na ngapi, mama wa Kikwajuni ataufaidi kwa lipi?

Wanaosema senema ilikwisha kufa wakumbuke kwamba pale Vuga iliwahi kufa kabla. Palikuwa na senema ya Royal, ya miaka ya 1920, iliyochorwa na msanifu Sinclair, yule yule aliyechora Mahkama ya jirani na Makumbusho ya Beit al-Amani. Ikaungua moto. Mwaka 1955 ikasimama Majestic badala yake, kwa sababu mji ulikuwa na watu waliotaka kukaa pamoja gizani.

Kwa hiyo mwekezaji simkatai. Pesa za paa lazima zitoke pahala, na filamu peke yake hazitalilipa. Pawe na harusi, taarabu, mikutano, maonesho ya skuli. Ninachotaka kukiona ni karatasi ya mkataba: bei ya kiti kwa mkaazi iandikwe, na jioni moja ya kila wiki iwe ya wanawake, iandikwe kabla hajakabidhiwa ufunguo.