Gari inalia, fundi anakimbilia gia boksi

Wiki iliyopita shemeji yangu kanipigia saa mbili usiku, sauti imekauka utadhani kuna msiba. "Shem, fundi kasema gia boksi imekufa, anataka milioni na laki mbili akachukue used Kariakoo." Nikamuuliza, fundi kaiendesha hiyo gari? Kimya. Halafu, "Aliwasha tu akasikiliza pale pale gereji."

Sasa jamani. Gari inalia ikifika spidi sitini, mtu anaisikiliza ikiwa imepaki chini ya mwarobaini, halafu anatoa hukumu ya milioni na laki mbili!

Nikamwambia asitoe hata mia. Jumapili alfajiri tukashika barabara ya Bagamoyo, redio imezimwa, vioo vimepandishwa, na mtoto wake siti ya nyuma kakatazwa kuongea na kaongea njia nzima. Hamsini, kimya. Sitini ikaanza, vuuum nzito kama ndege iko mbali inakuja kutua, na kadiri spidi inavyopanda nayo inapanda. Nikaachia mafuta, haikubadilika. Nikakanyaga, ile ile. Nikatia N (nyutro), mshale wa rpm, yaani mizunguko ya injini, ukaanguka mpaka chini na kelele bado imekaa vilevile, hapo injini ishatoka kwenye kesi. Difu nayo (gia zinazogawa nguvu kwenda kwenye tairi) ikiwa mbovu mara nyingi sauti inabadilika ukikanyaga na ukiachia, hii haikujali, kwa hiyo nikaanza kushuku tairi na vile vinavyozunguka pamoja nayo. Barabara tupu, nikayumbisha usukani kidogo kulia, kelele ikapanda. Kushoto, ikafifia karibu ipotee. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia kushoto, kwa hiyo anayepiga kelele ni yule aliyebebeshwa mzigo.

Tukarudi nyumbani, jeki, stendi (usiitegemee jeki peke yake, una watoto wewe), gia kwenye N. Nikamwambia shem ashike springi ya shokapu kwa vidole huku mimi nazungusha tairi kwa mkono. Kulia, springi imetulia kama haipo. Kushoto, katoa macho: "Shem, inatetema kama kuna mchanga humo ndani!" Beringi ya tairi, ile tairi inazungukia. Beringi tu! Hela yake na ya ufundi haifiki hata robo ya alichotaka kuuziwa.

Ndo maana nasema tatizo letu siyo spea feki wala barabara, tatizo ni kwamba kusikiliza gari hakuhesabiki kama kazi. Fundi analipwa akifungua, analipwa akifunga, na mara nyingine analipwa zaidi akienda kukununulia spea mwenyewe maana huko dukani ana chake, sasa kwa nini apoteze nusu saa na mafuta kuzunguka na wewe ili mwisho akwambie ni beringi? Kelele yoyote kutoka chini inakuwa gia boksi maana gia boksi ina hela, tena hakuna mteja atakayebisha, nani amewahi kuiona kwa ndani? Halafu ikishabadilishwa na kelele bado ipo, utaambiwa "hiyo used uliyoletewa nayo mbovu bosi, tutafute nyingine." Hapo mtu ana milioni yake iliyoteketea na bado gari inavuma kama ndege.

Haya, nitakubali kwa shingo upande, na sisi wateja tumo. Tunafika gereji tunasema "inalia" basi. Inalia lini? Ukikata kona? Ukikanyaga? Ikiwa ya baridi? Hatujui, redio ilikuwa juu. Kuna jamaa katuma voice note ya kelele ya gari yake kwenye grupu letu, wataalamu wa simu wakamiminika, gia boksi, difu, mauntini za injini, mmoja kasema auze gari haraka. Aliyejua ni mke wake: chupa ya chai ya chuma ilikuwa inabingirika kwenye buti tangu walipotoka kijijini.

Na siyo kwamba kila kelele ni beringi, msinielewe vibaya. Tak tak tak ukikata usukani mpaka mwisho, chungulia CV joint (kiungio cha shafti inayozungusha tairi), ukikuta raba yake imechanika na grisi imetapakaa kwenye rimu kwa ndani ushapata jibu. Gari ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu tairi za nyuma) ikigonga kong ukitoka D (ya mbele) kwenda R (ya nyuma), anza na krosi, viungio vya hiyo shafti. Na tairi zilizolika mawimbi zinavuma sawasawa na beringi, zihamishie nyuma kwanza usikilize kama kelele imezifuata. Na kweli kuna siku gia boksi inakuwa imekufa, sikatai. Lakini iwe ya mwisho kushtakiwa.

Mimi sasa hivi nina fundi wangu mmoja Ilala, mzee, haongei sana. Juzi nimempelekea gari yangu, tukazunguka hadi Buguruni na kurudi, kasikiliza kichwa kakiinamisha, kaninyooshea kidole: "Hamna kitu, hiyo ni kava ya chini imelegea." Kaikaza na waya dakika mbili. Nikampa elfu ishirini. Akaishika, akaiangalia, akaniangalia mimi. "Bosi, hii ya nini? Mbona sijafungua kitu?"